Mara ya Tatu

Bomani walimaliza kwa dakika sita.
Karani alipiga muhuri, akapuliza wino,
akauliza nani anafuata.
Ambwene akanigeukia pale kwenye ngazi,
cheti amekitia ndani ya bahasha ya kaki:
"Jumamosi, nyumbani kwa mama, utatufunga wewe.
Kanisa langu linataka ahamie huku,
la kwake linataka nihamie kule.
Wewe una mdomo."

Mdomo ninao.
Miaka kumi na moja juu ya meza, Mwanjelwa,
nakata belo kwa kisu cha mkate
na nguo haijatua nimeshaiimba:
koti limevuka bahari, halijajua jasho,
mama njoo, baridi ya Juni haina undugu,
elfu tatu, mbili na nusu, mbili, shika!
Nimewavika watu wa Uyole sweta
zenye nembo za shule asizozijua mtu.
Lakini kitu kisichouzwa
sijawahi kukinadi.

Usiku nikaandika kwenye daftari la madeni,
chini ya Mama Seka, elfu saba, tangu Pasaka:
"Ndugu wapendwa, ndoa ni safari."
Nikafuta.
Safari gani? Wanahamia Iganzo,
chumba na sebule, choo cha nje.

Jumamosi ukungu ulikataa kuondoka Loleza.
Watu kwenye mabenchi ya kukodi, mikono kwapani,
ndizi zinatokota, turubai linawadondoshea wajomba shingoni.
Tupokigwe akatoka ndani.
Gauni lile nalijua.
Nililikuta chini kabisa ya belo la mwezi wa tatu,
limekunjamana kama karatasi ya maandazi,
nikalikalia kutwa nzima lisionekane,
wateja wakidhani mgongo unanisumbua.
Mama yake alilipunguza kiuno kwa sindano ya mkono.
Sasa limesimama
kana kwamba halikuwahi kuwa la mtu mwingine.

Nikafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mezani:
"Sogea! Sogea ujionee mwenyewe!"
Shangazi mmoja akacheka. Mwingine akakunja uso.
Ningeweza kuomba radhi.

"Wanaonijua wanajua," nikasema,
"nguo yangu naigeuza kwanza, unaona mshono.
Tundu likiwepo nalitaja kabla hujatoa hela.
Huyu Ambwene, fundi pikipiki, nimepanga naye
chumba kimoja Ilemi. Anakoroma.
Akikopa, anarudisha kwa vipande vipande, lakini anarudisha.
Nimemgeuza miaka kumi. Mishono imeshika.
Na huyu Tupokigwe, asubuhi msimsemeshe,
na wali wake mnaujua wenyewe.
Ila Ambwene alipovunjika mguu
alishinda kwenye korido ya Rufaa siku nne,
amekalia ndoo iliyopinduliwa,
na nesi akimfukuza anahamisha ndoo.

Hapa hakuna bei.
Mwenye neno aseme.
Mara ya kwanza!"

Turubai likadondosha.

"Mara ya pili!"

Mjomba Mwakalukwa akakohoa.
Uwanja wote ukamgeukia.
Akapunga mkono: ni ukungu, endelea.

Mezani, mara ya tatu huwa naikimbilia,
mteja asije akabadili nia.
Pale nikaiacha ikae mdomoni.
Nilimwona Ambwene akivuta mikono ya koti,
koti la kijivu nililomkatalia hela yake,
fupi kidogo, nilishamwambia ni fupi,
na mama mkwe, mwiko hewani, hakoroga.
Sufuria tu ndiyo iliyosema.
Nilitaka ibaki hivyo, yote, kabla ya kufungwa,
kama belo ambalo bado waya wake haujakatwa
na ndani yake chochote kinawezekana.

Mpaka Tupokigwe akaninong'oneza, meno yakigongana:
"Sema basi, wewe. Baridi."

Nikasema,
kwa sauti ndogo ambayo Mwanjelwa
isingeniuzia hata soksi.